Kumjenga Shelly kwa Sarafu Chache: Uhakiki wa Mfumo wa Maboresho katika Brawl Stars

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikicheza Brawl Stars karibu kila jioni, nikiwa nyumbani Tanga, kwa simu ya bei ya kati na bando la kawaida la intaneti, na katika muda huo sehemu kubwa ya sarafu nilizozipata nimezitumia kumjenga mpiganaji mmoja, Shelly. Uhakiki huu hauhusu mchezo mzima, wala hauhusu sura na mavazi ya wapiganaji, ambayo ni mambo ya kufurahisha macho tu. Unahusu mfumo wa maboresho: yale ambayo mchezaji huyanunua ili mpiganaji wake awe na nguvu zaidi, namna ya kuyachagua, mpangilio wa kuyanunua, na kama kweli yanastahili jasho linalotumika kuyapata. Rai yangu naiweka mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Mfumo umefikiriwa vizuri, na unamtendea haki mchezaji mvumilivu asiyetoa hata shilingi. Lakini ushauri mwingi unaozagaa kuhusu maboresho yapi ni bora hutolewa na watu wenye mtandao wa kasi, na sisi tunaocheza kwa bando mara nyingi inatupasa kufanya kinyume chake.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa mapigano wa kampuni ya Supercell ya Helsinki, nchini Ufini, uliotolewa duniani kote tarehe 12 Desemba 2018 baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2017. Pambano moja huchukua dakika mbili tatu, jambo linalomfaa mtu anayehesabu megabaiti, na wachezaji hupambana mara nyingi watatu kwa watatu, au kumi wanaowindana uwanjani mpaka abaki mmoja. Wapiganaji sasa wamepita 90. Shelly ndiye anayekabidhiwa kila mchezaji siku ya kwanza, bila malipo, na kwa sababu hiyo wengi humwacha mara tu wanapopata mwingine mwenye mbwembwe zaidi. Naona wanakosea. Shelly hubeba bunduki ya marisau: akifyatua, risasi tano hutawanyika mbele yake, hivyo adui aliye mbali huguswa na moja au mbili tu, ilhali aliye pua kwa pua naye huzimeza zote tano. Akishawapiga maadui kiasi cha kutosha hupata supa, yaani shambulio kubwa linalovunja kuta, kufyeka vichaka na kuwarusha nyuma wote waliosimama mbele yake. Ni mpiganaji wa karibu, wa kuvizia na wa kusubiri, na kila boresho analouziwa lina maana pale tu linapomsaidia kufika karibu au kunusurika akishafika.

Maboresho yamepangwa kwa tabaka. La kwanza ni daraja la nguvu, kuanzia la 1 hadi la 11, na kila daraja humwongezea mpiganaji asilimia 10 ya afya na ya makali (yaani madhara ambayo mapigo yake humfanyia adui) aliyoanza nayo, hivyo wa daraja la 11 ana nguvu maradufu ya wa daraja la 1. Akifika daraja la 7 anaruhusiwa kubeba kifaa, yaani hila moja inayowashwa kwa kitufe chake. Daraja la 8 hufungua nafasi ya gia ya kwanza, yaani nyongeza ndogo inayojifanyia kazi yenyewe, la 9 hufungua nguvu ya nyota, yaani uwezo wa pekee wa mpiganaji usiohitaji kitufe, la 10 hufungua nafasi ya gia ya pili, na la 11 hufungua kile ninachokiita haipachaji (Hypercharge), ambacho ni hali ya kupandwa na nguvu za ziada kwa sekunde chache. Shelly ana vifaa viwili na nguvu za nyota mbili za kuchagua, lakini pambanoni huingia na kifaa kimoja, nguvu ya nyota moja na gia mbili. Hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia, na kwa kweli hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo.

Sasa tuzungumze gharama, kwa sababu bila gharama hakuna uchaguzi. Kumtoa mpiganaji daraja la 1 mpaka la 11 kunahitaji alama za nguvu 3,740 na sarafu 7,765. Kifaa kimoja ni sarafu 1,000, nguvu ya nyota ni 2,000, gia ya kawaida ni 1,000 na haipachaji ni 5,000. Ukijumlisha madaraja yote, kifaa kimoja, nguvu ya nyota moja, gia mbili za kawaida na haipachaji, unapata sarafu 17,765 kwa mpiganaji mmoja. Mchezaji asiyenunua chochote kwa fedha halisi hujikusanyia sarafu kidogo kidogo kupitia zawadi za kila siku, kazi anazopangiwa na njia ya vikombe, yaani zawadi zinazofunguka kadiri anavyokusanya vikombe vya ushindi, kwa hiyo kiasi hicho hakipatikani kwa wiki moja wala mbili.

Lakini gharama haikugawanywa sawasawa, na hili ndilo jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mwanzoni. Kufika daraja la 9 kunagharimu sarafu 3,090 tu. Madaraja mawili yaliyobaki, la 10 na la 11, peke yake yanameza 4,675. Sasa chukua Shelly wa daraja la 9, mpe nguvu ya nyota, kifaa na gia moja: umetumia sarafu 7,090, yaani kama asilimia 40 ya gharama yote, nawe una mpiganaji mwenye tisa ya kumi ya afya na makali ya yule aliyekamilika. Ninawaona wachezaji wengi wakikimbilia daraja la 11 wakiwa mikono mitupu, bila kifaa wala nguvu ya nyota, kwa kuwa ile namba inang'aa vizuri kando ya jina. Mimi ningewashauri wasimame la 9, wamvishe mpiganaji wao kwanza, kisha ndipo wapande. Boresho linalobadilisha namna ya kupigana lina uzito kuliko asilimia 10 za juu.

Ununuzi wangu wa kwanza wa maana ulikuwa kifaa kiitwacho Fast Forward. Ukikibonyeza, Shelly huchupa mbele hatua kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Nilikuwa nimesoma na kusikia kila mahali kwamba hicho ndicho kifaa chake bora, na hoja yenyewe ina mantiki: mpiganaji wa karibu anahitaji kufika karibu, na kifaa kinachomfikisha hapo kwa mruko mmoja kinamaliza tatizo lake kuu. Nikakusanya sarafu 1,000, nikakinunua, nikaingia uwanjani. Jioni hiyo mtandao ulikuwa unasuasua kama ilivyo kawaida saa mbili za usiku mtaani kwetu, wakati kila nyumba ina watu watano wanaotazama video. Nilikuwa kichakani, adui amenikaribia hatua nne au tano hivi, nikabonyeza kifaa na kufyatua papo hapo. Alama nyekundu ya mtandao ikatokea pembeni mwa kioo. Shelly akasimama pale pale kwa kitambo kifupi, halafu akaruka na kutua mahali ambapo adui alikuwepo, naye adui alikwisha kurudi nyuma na kunigeuzia mtutu. Marisau yangu yaliparuza ukuta. Nilirudia mara nyingi siku zile, na kila mara nilijilaumu kuwa mikono yangu ni mizito, mpaka nilipocheza wikiendi moja kwenye nyumba yenye intaneti ya nyaya na kuona kifaa kile kile, kwa mikono ile ile, kikitii bila kusita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyagawa maboresho yote ya mchezo huu katika mafungu mawili. Lipo fungu la yale yanayosubiri kidole chako, ambayo thamani yake iko katika kubonyezwa sekunde ile ile inayotakiwa. Na lipo fungu la yale yanayojifanyia kazi yenyewe, yanayowaka bila kuulizwa pindi hali fulani inapotimia. Anayecheza kwa mtandao unaokwamakwama anapoteza sehemu kubwa ya thamani ya fungu la kwanza, kwa sababu amri yake hufika imechelewa. Fungu la pili halimpunguzii kitu, kwani halihitaji amri kutoka kwenye simu yake. Kigezo hiki ni rahisi, na sijui kwa nini hakitajwi mara kwa mara.

Kwa kigezo hicho, nguvu ya nyota ninayompendekezea Shelly ni Band-Aid. Kazi yake ni kumtibu: afya yake, au damu kama wengi wetu tunavyoiita, inaposhuka chini ya asilimia 40, anajazwa kiasi kikubwa mara moja, kisha nguvu hiyo hupumzika kwa sekunde kadhaa kabla ya kuwa tayari tena. Hubonyezi chochote. Hata mtandao ukiganda katikati ya mapambano, ukirudi utakuta Shelly wako ameshatibiwa na bado yuko hai, na hiyo ndiyo nafasi ya kufyatua mara moja zaidi. Kwenye pambano la watu kumi, ambapo kila mmoja yuko peke yake na hakuna wa kumsitiri, sijaona kitu kinachoikaribia. Adui hukuhesabia, anaona damu imebaki kidogo, anajitosa kukumalizia, na anapofika karibu anakutana na mtu aliyerudishiwa uhai akiwa na marisau mkononi katika umbali anaoupenda kuliko wote. Uzuri mwingine ni kwamba Band-Aid humfundisha mchezaji mchanga subira, maana ukijua kwamba ipo tayari unathubutu kubaki, na ukijua kwamba imetumika unarudi nyuma.

Nguvu ya nyota ya pili, Shell Shock, inatumika pamoja na supa: wote wanaopigwa na supa ya Shelly hupunguzwa mwendo kwa sekunde chache. Si boresho baya hata kidogo, na nimeshuhudia uwezo wake. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam anaishi kwenye nyumba yenye intaneti ya nyaya, na hucheza na wenzake wawili wanaoelewana kama vidole vya mkono mmoja. Alipokuja likizo iliyopita alinionyesha rekodi ya pambano lao la mpira, ile aina ambayo timu ya kwanza kufunga mabao mawili hushinda. Adui alikuwa ameushika mpira, amebakiza hatua chache kufika golini. Shelly wa mpwa wangu akatoka nyuma ya ukuta na kuachia supa. Mpira ukamponyoka adui, ukuta ukabomoka, na maadui wote wawili waliokuwa mbele wakaanza kujikokota kama watu wanaotembea kwenye tope la mashamba ya mpunga. Wenzake hawakuhitaji kulenga kwa makini. Waliwamaliza wote wawili, mmoja akaukokota mpira kupitia ule uwazi ulioachwa na ukuta, na bao likaingia.

"Mjomba, hii ya kupunguza mwendo ni ya timu," aliniambia. "Wewe unayeingia peke yako na watu usiowajua, baki na ile ya kujitibu."

Nadhani alilisema vizuri kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasoma. Shell Shock huwatengenezea wenzako nafasi, na nafasi isiyo na mtu wa kuitumia hupotea. Ukiwa na kikosi chako mnachozungumza nacho, na mtandao unaokuruhusu kuachia supa kwa wakati, inunue bila wasiwasi. Ukiwa unapangiwa wenzako na mashine, kila pambano watu wapya, sarafu zako 2,000 ziende kwenye Band-Aid kwanza.

Kuhusu kifaa cha pili, Clay Pigeons, nimebadilisha mawazo polepole. Hiki huyabana marisau ya Shelly kwa muda mfupi ili yasitawanyike sana na yafike mbali zaidi. Wataalamu wengi hukidharau kwa hoja kwamba kinamfanya Shelly awe nakala dhaifu ya wapiganaji wa masafa. Hoja ina ukweli, lakini inasahau jambo moja. Fast Forward ikichelewa kidogo inakupeleka kifoni, ilhali Clay Pigeons ikichelewa kidogo inakupotezea risasi moja tu, kwani athari yake hudumu kitambo na hubaki ikifanya kazi hata kama amri ilifika kwa kuchelewa. Zaidi ya hapo, kumgusa adui wa mbali mara mbili tatu kunasaidia kujaza supa, na supa ikishajaa Shelly ni mtu mwingine kabisa. Zamani vifaa vilikuwa na idadi maalumu ya kutumika katika pambano moja, jambo lililotulazimisha kuvibania. Siku hizi kifaa husubiri muda wake kisha huwa tayari tena, na mabadiliko hayo yamekiongezea Clay Pigeons thamani. Ninakitumia kwenye viwanja vya wazi. Kwenye viwanja vya vichaka vingi, kama Skull Creek, bado Fast Forward ni bora, endapo mtandao wa siku hiyo umetulia.

Gia ndizo zinazopuuzwa kuliko yote, na ndizo nilizotumia muda mwingi kuzichunguza, kwa sababu zinagusana na nguvu ya nyota kwa namna ambayo mchezo wenyewe haumwelezi mtu. Chukua gia ya makali, ambayo huongeza asilimia 15 ya makali pindi damu ya mpiganaji inapokuwa chini ya nusu. Kwa maneno hayo inaonekana imeundwa kwa ajili ya Shelly, mpiganaji anayeumia kabla ya kuumiza. Lakini iweke pamoja na Band-Aid uone kinachotokea. Damu inashuka chini ya nusu, gia inawaka. Inashuka kidogo tena, ikafika chini ya asilimia 40, Band-Aid inamtibu, na mara nyingi inampandisha tena juu ya nusu, na gia inazimika. Maboresho mawili mazuri, yaliyogharimu jumla ya sarafu 3,000, yanapokezana badala ya kusaidiana. Anayechagua Shell Shock hana mgongano huo, na kwake gia ya makali ni chaguo la haki kabisa. Anayechagua Band-Aid atafute gia nyingine.

Gia hiyo nyingine, kwa maoni yangu, ni ya ngao. Inampa mpiganaji kinga ya 900 juu ya damu yake ya kawaida, na kinga hiyo hujirudisha yenyewe baada ya damu kujaa. Shelly wa daraja la 11 ana damu zaidi ya 7,000, kwa hiyo kinga hiyo ni kama sehemu moja ya nane ya uhai wake, anayoingia nayo katika kila mapambano mapya bila kubonyeza chochote. Inafanya kazi kabla ya Band-Aid, si baada yake wala badala yake. Nilipoiunganisha na Band-Aid kwa mara ya kwanza niliona tofauti siku hiyo hiyo: yale mapambano ya ana kwa ana niliyokuwa nikiyapoteza kwa risasi moja ya adui nikaanza kuyashinda kwa risasi moja yangu.

Nafasi ya gia ya pili ifuate uwanja. Gia ya mwendo huongeza kasi mpiganaji anapokuwa ndani ya vichaka, na kwa mviziaji kama Shelly ni zawadi kubwa panapokuwa na nyasi, lakini haina kazi yoyote uwanja ukiwa mtupu. Gia ya kuona humfichua kwa muda mfupi adui uliyempiga hata akikimbilia kichakani, nayo ninaithamini kwenye pambano la kukusanya vito, ambapo mtu mwenye vito vingi hupenda kujificha wakati saa ya ushindi inahesabu sekunde zake 15. Gia ya afya, inayoharakisha kupona, ni ya kawaida tu. Kama sarafu zinaruhusu gia moja peke yake, chagua ngao usonge mbele.

Uchaguzi huu wote ni wa Shelly, na haufai kunakiliwa kwa kila mpiganaji. Colt, kwa mfano, hufyatua mfululizo wa risasi sita zinazofuatana katika mstari mmoja mrefu, na nguvu zake za nyota humwongezea ama mwendo ama masafa. Yeye hategemei kunusurika, hutegemea shabaha, na shabaha ndicho kitu cha kwanza kuharibika mtandao unapokwama. Nilimpandisha Colt mpaka daraja la 9 kabla sijalitambua hilo. Angekuwa mikononi mwa mpwa wangu, sarafu zile zingezaa matunda. Mikononi mwangu, saa mbili za usiku, bora zingebaki akibani.

Haipachaji nimeiacha mpaka sasa kwa sababu ndiyo ya mwisho kununuliwa, na ndiyo inayoleta ubishi. Iliingizwa kwenye mchezo mwaka 2023, na kazi yake ni kumwongezea mpiganaji kasi, makali na kinga kwa sekunde chache, pamoja na kuibadilisha supa yake iwe kubwa zaidi. Kwa Shelly ni ya kutisha: ukimwona amewaka rangi ya zambarau na supa imejaa, geuza njia. Lakini gharama yake ni sarafu 5,000 juu ya zile 4,675 za kutoka daraja la 9 hadi la 11, yaani 9,675 kwa jumla, kiasi kinachotosha kumfikisha mpiganaji mwingine daraja la 9, kumvika nguvu ya nyota, kifaa na gia, na bado ukabakiwa na chenji ya zaidi ya 2,500. Kwa mchezaji mwenye Shelly peke yake aliye tayari, ninaona mpiganaji wa pili ana faida kubwa zaidi, kwa kuwa viwanja hubadilika kila siku na kuna viwanja ambavyo Shelly hata akamilike vipi hawezi kufua dafu. Tena, nguvu za nyota, vifaa na haipachaji vinaweza kutoka vyenyewe kwenye zawadi za bahati ambazo mchezo hutoa. Mimi nilisubiri. Haipachaji ya Shelly bado sijaipata, na sijajuta, ingawa nakiri kwamba kila nikikutana na Shelly wa zambarau moyo hunishtuka.

Zipo kasoro ambazo siwezi kuzifumbia macho. Ya kwanza ni kwamba ununuzi wowote wa boresho ni wa kudumu. Hakuna kurudisha, hakuna kubadilishana, hata kama uligusa kitufe kisicho chako. Kwa mtu mzima hilo ni somo, lakini kwa mtoto wa miaka kumi aliyekusanya sarafu mwezi mzima ni machozi. Naelewa sababu ya kuweka uzito kwenye uamuzi, na kwa kweli uzito huo ndio unaofanya kuchagua kuwe na maana. Hata hivyo muda mfupi wa kujirudi, hata saa moja tu, usingeharibu kitu. Ya pili ni kwamba watengenezaji hurekebisha nguvu za wapiganaji mara kwa mara, na boresho ulilolinunua likiwa na makali linaweza kupunguzwa baada ya muda. Marekebisho ni ya lazima ili mchezo usitawaliwe na wapiganaji wachache, lakini yanamfanya mtu mwenye sarafu chache awe mwangalifu na chochote kinachosifiwa sana kwa wakati huo, kwa maana kinachosifiwa na kila mtu ndicho cha kwanza kupunguzwa. Hii ni sababu nyingine ya kupenda Band-Aid na ngao: hazisifiwi kwa kelele.

Kasoro ya tatu inaniuma zaidi ya hizo mbili. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za mchezo huu. Maelezo ya kila boresho ni mafupi, lakini ndani yake mna masharti yanayobadilisha kila kitu, kama lile la gia ya makali kufanya kazi chini ya nusu ya damu tu, au lile la gia ya mwendo kuhitaji kichaka. Nimewaona watoto wa mtaani kwetu wakinunua kwa kutazama picha: gia yenye mchoro wa kasi wakaidhani ni ya kukimbia popote. Wanacheza vizuri, wana macho makali kuliko yangu, wanajua kuhesabu risasi za adui, lakini wanachagua gizani kwa sababu ya sentensi moja ya lugha ya kigeni. Nimeanza kuwakalisha barazani jioni, tunafungua ukurasa wa maboresho ya mpiganaji mmoja mmoja na kuusoma pamoja kabla mtu hajatumia sarafu yake, kisha tunaingia uwanja wa mazoezi wenye maroboti kujaribu kile ambacho mmoja wetu tayari anacho. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa na sarafu 2,140 na kidole tayari kiko juu ya kitufe cha kupanda daraja la 10. Tuliposoma na kupiga hesabu akakitoa kidole. Alimnunulia Shelly wake Band-Aid, akabakiwa na sarafu 140, na usiku huo huo, mtandao ukiwa unakwamakwama kama kawaida yake, alibaki wa mwisho uwanjani mara mbili.